Oili ndani ya waya za injini ya Mercedes M271: kusafisha soketi, kufunga kebo fupi, au kubadili wayaringi nzima?

spana_kumi

Wakuu, naomba tulinganishe njia hizi kwa kina, maana kila gereji ina jibu lake. Nazungumzia C200 Kompressor ya W203 na C180/C200 za W204 (W203 na W204 ni namba za toleo la bodi), hizi za mtumba kutoka Japani ambazo zimejaa barabarani. Sumaku za umeme zinazobadili taiming ya kamshafti, zilizo mbele ya silinda hedi, zinavujisha oili kwa ndani, oili inaingia kwenye soketi, kisha inasafiri ndani ya waya wenyewe hadi kontroboksi (kompyuta) ya injini na sensa za oksijeni.

Njia zinazotajwa ni tatu:

A. Badili sumaku iliyovuja, safisha soketi kwa sprei ya kusafishia umeme, basi.
B. Sumaku mpya pamoja na kebo fupi inayokaa kati ya sumaku na wayaringi (fungu la waya za injini). Namba inayotumika kwa M271 ni A2711502733, lakini mpe muuza spea namba ya chasisi ahakikishe kabla hujalipa.
C. Toa wayaringi yote ya injini, weka mpya.

Ipi inafaa lini?

waya_mwekundu

Mkuu, kabla ya kuchagua ni lazima ujue oili imefika wapi. A inatosha ikiwa imeishia mlangoni mwa soketi ya sumaku. Ikiwa imeshafika kontroboksi, A peke yake ni kupoteza hela ya sprei.

Fanya hivi injini ikiwa baridi. Toa waya wa hasi wa betri. Chukua tishu nyeupe, isokote iwe nyembamba kama kijiti cha kiberiti, na uitumie kwa kila soketi kwa mpangilio huu: sumaku mbili za mbele, sensa mbili za kamshafti, soketi kubwa za kontroboksi, mwisho soketi za sensa za oksijeni. Tishu mpya kila mara, zipange juu ya karatasi na kuandika ni ya wapi. Ukimaliza una ramani ya safari ya oili.

Angalia pia oili iko upande gani wa mpira wa soketi. Hapa wengi wanakosea. Pini zikiwa zimelowa lakini nje ya mpira ni pakavu, oili imetoka ndani ya sumaku yenyewe. Nje pakiwa pamelowa na pini zikawa kavu, hiyo mara nyingi ni gasketi ya kava ya valvu inamwaga juu ya soketi, na huenda sumaku haina kosa. Ukibadili sumaku katika hali hiyo, wiki ya pili utakuta oili palepale.

Kama gari limeoshwa injini juzi na huwezi kujua oili ni ya zamani au inatoka sasa hivi, weka rangi ya kutafutia uvujaji kwenye oili ya injini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kichupa, endesha kilomita 50 hadi 100, kisha mulika soketi gizani kwa tochi ya ultravioleti. Oili mpya inang'aa. Ya zamani haing'ai.

binti_gereji

Naongezea kwa nini multimita inadanganya watu kwenye tatizo hili.

Oili safi haipitishi umeme. Ukipima waya uliojaa oili utapata mwendelezo mzuri kabisa, ohm karibu sifuri, na hakuna shoti kati ya waya na waya. Fundi anasema wayaringi ni nzima, anaanza kununua sensa. Madhara ya oili yanakuja kwa njia nyingine. Inafanya utando mwembamba kati ya pini na kike chake, na kwenye mzunguko wa sensa wenye umeme mdogo utando huo unatosha kukatakata mawimbi injini inapotetemeka. Inabeba masizi na vumbi la chuma. Inavimbisha mipira ya soketi hadi maji nayo yanapata njia. Na ikiingia kontroboksi inakaa juu ya saketi yenyewe.

Kwa hiyo pima waya ukiwa unafanya kazi. Sensa ya kamshafti ni ya waya tatu: umeme, hasi na mawimbi. Ukiwa umewasha swichi, pima hasi ya sensa dhidi ya hasi ya betri. Ikizidi voti 0.1, una tatizo la mguso. Halafu injini ikinguruma, tikisa wayaringi kwa mkono huku mwenzako anatazama mawimbi kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme). Mawimbi ya mraba yakikosa jino moja moja unapotikisa, umepata mahali.

Upande wa sensa za oksijeni ndio unaosahaulika. Sensa nyingi za zirkonia zinalinganisha moshi na hewa safi ya nje, na hewa hiyo inaingia kupitia ndani ya waya wa sensa. Waya ukijaa oili, hewa ya kulinganishia inachafuka na voti ya sensa inashuka. Kontroboksi inadhani petroli haitoshi, inaongeza. Utaona marekebisho ya muda mrefu ya petroli yamepanda kupita asilimia 10 na kodi (namba ya hitilafu kwenye mashine ya kusomea) ya P0171, yaani petroli haitoshi, wakati plagi ni nyeusi na sailensa inanuka petroli. Hali hizo mbili zikikutana, fungua soketi ya sensa ya oksijeni kabla hujatafuta uvujaji wa hewa.

mzee_wa_cheni

Vijana, msihukumu oili kwa kila kodi ya kamshafti. P0010 na P0013 ni za umeme wa sumaku, hapo soketi na waya ndio washukiwa wa kwanza. P0340 na P0365 ni za sensa, nazo zinaweza kuwa oili. Lakini P0016 na P0017 zinasema kamshafti na krankshafti hazikubaliani, na kwenye M271 chanzo mara nyingi ni cheni ya taiming iliyorefuka au gia za kamshafti zilizolika meno. Mkiwasha asubuhi mkasikia mkwaruzo wa sekunde chache mbele ya injini, wekeni sprei chini, fungueni kava ya valvu muangalie alama za taiming na meno ya gia. Cheni ikiruka, valvu zinagonga pistoni, na hapo hakuna kebo ya kuokoa.

Jaribio rahisi la kutenganisha: kama sensa mbili za kamshafti zina namba moja iliyochapwa juu yake, zibadilishane nafasi. Kodi ikihama kutoka P0340 kwenda P0365, sensa ni mbovu. Ikibaki palepale, ni waya, soketi au taiming.

landi_ya_mbuga

Kwa wenye Land Rover za injini ya dizeli ya Td5, yaani Defender na Discovery 2: ugonjwa ni ule ule na somo lake lina umri mrefu zaidi. Waya za injekta zinakaa ndani ya kava ya valvu, zinaoga oili ya moto muda wote. Oili inapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, inatokea kwenye soketi nyekundu ya kontroboksi. Dalili ni injini kumisi ikishapata moto, kukosa nguvu, au kuzima ghafla.

Huko jibu limeshajulikana: badili waya za injekta (AMR6103), si wayaringi yote, kisha safisha soketi nyekundu. Tatizo ni kwamba oili iliyokwisha kuingia kwenye wayaringi ndefu inaendelea kutoka kwa miezi. Mtu anasafisha mara moja, anaona imerudi, anadhani spea ni feki. Sivyo, ni masalio. Safisha, rudia baada ya kilomita 200, rudia baada ya 1000. Kila mara tishu itoke na oili kidogo kuliko mara iliyopita. Isipopungua, chanzo bado kinavuja.

spana_kumi

Asanteni. Kwa hiyo kwa M271, kebo fupi ya njia B inazuia oili kweli au inachelewesha tu? Na je, mtu anaweza kujitengenezea kizuizi mwenyewe badala ya kununua?

waya_mwekundu

Kebo fupi haizuii sumaku kuvuja. Kazi yake ni kuwa kafara: oili inajaa kwenye kipande kifupi unachoweza kukibadili kwa dakika kumi, badala ya kujaa kwenye wayaringi. Ndiyo maana inafungwa pamoja na sumaku mpya, na inakaguliwa kila unapobadili oili. Ukikuta imelowa upande wa wayaringi, itupe, weka nyingine. Fungeni kwenye sumaku zote mbili, hata kama moja bado kavu.

Kujitengenezea inawezekana. Oili inapita kwenye nafasi kati ya nyuzi za shaba, kwa hiyo ukiziba nafasi hizo safari inakatika. Kata waya sentimita 10 kutoka kwenye soketi, menya sentimita 2 kila upande, futa oili yote kwa alkoholi ya isopropili, unganisha, kisha yeyusha risasi ya kulehemu hadi ipenye katikati ya nyuzi zote, siyo ipake juu tu. Funika kwa bomba la kusinyaa lenye gundi ndani. Waya wenye oili haushiki risasi, na fundi wengi wanashindwa hapo: kiungo kinaonekana kimeshika, kumbe kimeelea. Kama oili inaendelea kutoka unapomenya, rudi nyuma sentimita nyingine 10. Pia risasi inafanya waya kuwa mgumu, hivyo kifunge kiungo kwenye wayaringi kwa tai mbili kisitetemeke, la sivyo kitakatika pembeni ya risasi.

Kuhusu dawa: tumia sprei ya kusafishia umeme isiyoacha mabaki. Usitumie petroli wala sprei ya kusafishia kabureta, inakula mipira na baadhi ya plastiki. Na usipulize kwa kompresa ukielekeza ndani ya soketi ya wayaringi, unaisukuma oili mbele zaidi. Iache soketi ining'inie ikitazama chini juu ya tishu usiku kucha, kisha safisha.

binti_gereji

Kwa C mimi naikubali katika hali mbili tu: oili imefika sensa za oksijeni na bado inatoka kwa wingi baada ya kusafisha mara tatu, au waya zimekakamaa na ganda linapasuka ukikunja. Nje ya hapo C ni ghali mno kwa faida yake. Wayaringi ya mtumba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu imetoka kwenye injini yenye ugonjwa huo huo. Ukilazimika kuinunua, ipime kwa tishu dukani kabla ya kulipa.

Oili ikiwa ndani ya kontroboksi yenyewe, msikimbilie kununua nyingine ya mtumba. Kwenye Mercedes imefungamana na mfumo wa ufunguo, ukichomeka ya gari jingine injini haiwaki mpaka data ihamishwe na mtu mwenye vifaa vyake. Safisha pini kwanza, futa kodi, endesha, soma tena.

kigoma_drive

Tishu yangu imetoka nyekundu, siyo nyeusi. Gari ni W203 ya otomatiki, gia tano.

waya_mwekundu

Hiyo siyo oili ya injini, mkuu, ni ya giaboksi. Kwenye giaboksi ya 722.6 kuna kiunganishi cha duara ubavuni chenye O-ringi mbili. Zikikauka, ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) inapita na kupanda kwenye waya hadi kontroboksi ya gia. Badili kiunganishi kizima, A2035400253, bei yake ni ndogo, na usibadili O-ringi peke yake. Safisha soketi ya upande wa wayaringi, kisha fungua soketi kwenye kontroboksi ya gia uitazame. Mwisho pima kiwango cha ATF kwa kijiti maalum, oili ikiwa na moto wa nyuzi 80, maana kilichopanda kwenye waya ni kidogo lakini kilichodondoka chini huenda ni kingi.