Kibana springi gani kwa Toyota 110, bila kutoa hedi (kichwa cha injini)?

Wa Shabab, Nakuru
Habari zenu wadau. Nina Toyota 110, injini ya 5A-FE. Asubuhi ikiwaka hutoa moshi wa bluu, kisha unapotea. Nikiteremka Kericho kuelekea Awasi bila kukanyaga mafuta, halafu nikanyage tena, wa nyuma yangu hanioni. Kompresheni imepimwa, silinda zote nne zinakaribiana. Nataka kubadilisha sili za valvu (zile za kuzuia oili kwenye shina la valvu) na springi mwenyewe, hapa nyumbani. Dukani nimeonyeshwa vifaa vitatu vya kubana springi: klempu ya C, kile cha kugonga kwa nyundo, na kile chenye upau na leva. Nichukue kipi?

Kakamega 4K
Klempu ya C, ndugu. Yangu nimeitumia miaka mingi na bado ni imara.

Fundi wa Kondele
Klempu ya C ni nzuri hedi ikiwa mezani. Mguu wake mmoja hukaa kwenye uso wa valvu, ndani ya chemba. Hedi ikiwa imefungwa kwenye bloku, mguu huo utapita wapi?

Bwana wa Nakuru, chukua cha upau, lakini kabla ya kulipa tazama kikombe chake cha kubania. Hapo ndipo watu wanapoumia. Springi za 5A ziko chini, ndani ya matundu ya tapeti (kile kipande cha duara kinachosukuma valvu), na matundu hayo ni ya aluminiamu. Kikombe kikiwa kipana hakiingii, na kikiingia kwa kulazimishwa kinakwaruza ukuta, tapeti ianze kukwama. Toa tapeti moja, nenda nayo dukani. Kikombe kiwe chembamba kuliko tapeti, na kiwe na madirisha ubavuni ya kupitishia koleo au sumaku, kwa sababu shina la valvu ni milimita 6 tu na kota zake, vile vipande viwili vinavyoshikilia springi kwenye shina, ni ndogo sana. Upau nao ufungwe kwenye matundu ya boliti za kepu (vishikizo) za kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, usitikisike.

Cha nyundo sikipendi kwa kazi hii. Kinatoa kota haraka, ila hukioni kinachoendelea ndani, na kuzirudisha ni bahati.

Dalili zako ni za sili kweli. Ukiachia mafuta, mvuto kwenye manifoldi ya kuingiza hewa unakuwa mkali, unafyonza oili kupitia sili zilizokauka. Springi pima urefu wake kando ya mpya. Kama zinalingana na hazijapinda, zirudishe, pesa zako ziende kwenye sili nzuri.

Wa Shabab, Nakuru
Asante sana mzee. Na valvu isianguke ndani nifanyeje? Kompresa ya hewa sina.

Kakamega 4K
Kamba! Teremsha pistoni, ingiza kamba kwenye tundu la plagi, ncha ibaki nje, kisha zungusha krenki kwa mkono mpaka ikatae. Kamba inashikilia valvu kutoka chini.

Fundi wa Kondele
Hapo umenena. Iwe ya nailoni, isiwe ya katani, maana katani huacha nyuzi ndani. Hewa ya mtu wa pancha pia inafaa, ila inaweza kuzungusha injini ghafla ukiwa umeweka mkono.

Pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja. Ziba kwa vitambaa kila tundu la oili kwenye hedi. Kota ikitumbukia humo, unaenda kufungua sampu, beseni la oili chini ya injini. Kabla ya kubana, weka soketi juu ya kisahani cha springi uigonge kidogo, kota ziachie. Ukikaza leva bila kufanya hivyo utapinda kifaa kipya.

Kamshafti inayoendeshwa kwa gia ina gia ya mkasi, yaani gia mbili zilizobanwa pamoja na springi: ifunge kwa boliti ya milimita 6 kabla hujaitoa. Kepu zilegeze kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja kwanza, la sivyo kamshafti inaweza kupasuka. Kila tapeti na shimu yake (kisahani chembamba cha kurekebisha nafasi ya valvu) irudi tundu lake. Tumia trei ya mayai, uandike namba. Na sili za kuingiza na za ekzosi hutofautiana rangi, usizichanganye.

Wa Shabab, Nakuru
Natoa tapeti Jumamosi niende nayo dukani. Wakiwa hawana kikombe chembamba, huko Kibuye, Kisumu, kuna wa kunichongea?

Fundi wa Kondele
Wapo. Njoo na tapeti na kisahani cha springi, vyote viwili.