Filamu haina maneno, zeze na msimuliaji laivu: nani amfuate nani?

Mfongo_Juu: Habari wakuu. Nipo Moshi, nimeshuti kwa simu kitu cha dakika 25 hivi, maji ya mfongo (mfereji wa asili wa Wachagga wa kumwagilia) toka juu Kibosho mpaka yanapozama kwenye migomba, hamna mwigizaji hamna dialogi, vipande vingine nimegeuza maji yanapanda mlima. Sauti sijaweka makusudi, nataka siku ya kuonyesha kuwe na mpiga zeze, mpiga ngoma, na shangazi asimulie kwa maiki. Sa kwenye mazoezi shangazi akinoga picha inampita, wapigaji wanamsubiri yeye, maji yameshafika shambani bado yuko kwenye ugomvi wa zamu za maji. Mnafanyaje?

editaA_town: Weka kliki mangi, ule mlio wa tik-tik wa kushika mwendo. Kila mtu hedifoni, shangazi mpe skripti yenye dakika pembeni. Kwisha.

Bibi_wa_Projekta: Kliki kwa shangazi?? Mtu anasimulia toka kichwani ukimpa karatasi anageuka msoma taarifa ya habari. Enzi filamu hazina sauti, Japani walikuwa na benshi, anasimama pembeni ya skrini anasimulia na wanamuziki wapo hapohapo, na kuna watu walikuwa wanachagua filamu kwa kuangalia benshi ni nani. Bongo tulikuwa na Lufufu, alivyokuwa anatafsiri muvi za nje kwa Kiswahili hakuwa mtumwa wa kila neno la mwigizaji, anaongeza chumvi yake na ndo watu walichokuwa wanakifuata. Kwaiyo picha ndo imfuate shangazi. Kata filamu vipande vinne vitano, kila kipande kiishie kwenye shoti ya maji tu iliyowekwa lupu, yani inajirudia mpaka mtu wa laptopu abonyeze kipande kinachofuata. Akimaliza mapema unabonyeza mapema, akinogewa maji yanaendelea kutiririka na zeze lina nafasi ya kupumua, hakuna atakaejua. Afu chora kidoti cheupe kona ya juu kulia kabla lupu haijaanza wapigaji wajiandae, ndo mafundi wa sinema za mkanda walivyokuwa wanajua rili (roli la mkanda) inaisha, kidoti cha kwanza kinatokea kama sekunde 8 kabla.

editaA_town: Hiyo ya lupu sawa nimekubali, ila mpiga ngoma bado angevaa hedifoni.

fundi_sauti: Msisahau zeze sauti yake ndogo aisee, ngoma itaimeza. Maiki mpe zeze na shangazi, ngoma ikae nyuma bila maiki. Spika za bluetooth achana nazo zinachelewesha sauti, tumia waya. Kama ni nje usiwashe projekta kabla ya saa moja na nusu, hutaona kitu. Na Bodi ya Filamu kaulize kibali mapema.

Mfongo_Juu: Shukrani wakuu, lupu naijaribu kesho. Laptopu nibonyeze mi au nimpe mpiga zeze?

Bibi_wa_Projekta: Wewe. Na ukae shangazi anakuona, maana akikukazia jicho hapo ujue hajamaliza, usiguse kitu.