Saratani ya mtoto imerudi: je, tuuze shamba ili sampuli ikapimwe jeni ng'ambo?

Shangazi wa Nyalenda, Kisumu

Hamjambo wana jukwaa. Mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka 13, alitibiwa lukemia ya limfoblasti, yaani saratani ya damu, kwa zaidi ya miaka miwili, akapona, akarudi shuleni. Mwezi uliopita, alipokuwa akivua soksi, mama yake aliona vidoa vyekundu vidogo vidogo kwenye vifundo vya miguu, na kipimo cha uboho kimethibitisha kwamba ugonjwa umerudi. Jamaa yetu aliye ng'ambo anashauri tupeleke sampuli huko, jeni zote za saratani zisomwe, kisha atafutiwe dawa inayolenga kasoro yake. Kaka yangu ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba la Ahero. Je, kipimo hicho kitamsaidiaje mtoto, na tuanzie wapi?

Mtaalamu wa maabara, Eldoret

Pole sana, dada, na umpe pole kaka yako. Anzeni na kipimo kimoja kabla ya kufikiria kusoma jeni zote. Muulizeni daktari kama mtoto aliwahi kupimwa BCR-ABL, yaani muungano wa jeni unaotokea kipande cha kromosomu ya 9 na cha kromosomu ya 22 vinapobadilishana mahali. Ni watoto wachache wenye lukemia hii walio nao, wapata 3 hadi 5 katika kila 100, lakini anayekutwa nao huongezewa imatinibu, tembe ya kumeza ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huo ndio mfano bora ninaoujua wa tiba mahususi, kwa sababu jibu la maabara linaelekeza moja kwa moja kwenye dawa inayofahamika.

Jambo la pili ni sampuli yenyewe. Seli zilizorudi ni zile zilizostahimili matibabu ya awali, na mara nyingi huwa na mabadiliko ambayo hayakuwepo mwanzoni, kwa hiyo uboho wa zamani pekee hautoshi. Uboho mpya uwekwe katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, uhifadhiwe kwenye ubaridi bila kugandishwa, na ufike maabara upesi. Kipande cha mfupa kilicholainishwa kwa asidi hakifai, kwani asidi huharibu DNA, yaani chembe za urithi zinazosomwa.

Baba wa Bondeni, Nakuru

Mama, naongea kwa uchungu. Mwanangu alikuwa na uvimbe kwenye misuli ya paja, ukaondolewa, ukarudi. Tulichanga, tukapeleka kinyama ng'ambo, na baada ya wiki kadhaa tukajibiwa kwamba DNA ilikuwa imekatikakatika, kwa kuwa kinyama kilikaa ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, zaidi ya wiki moja kabla ya kushughulikiwa. Hakuna aliyekuwa ametuambia tuulize kitu kama hicho.

Tangu wakati huo nimesoma sana. Nchini Australia kuna mpango wa kusoma jeni za saratani za watoto uitwao ZERO, na katika ripoti yake ya watoto 384 wenye saratani hatari, 256 walipendekezewa dawa kutokana na jeni zao, lakini 110 tu ndio walioipata. Kati ya hao 110, baada ya miaka miwili ugonjwa haukuwa umeendelea kwa 26 katika kila 100, ilhali kwa waliopewa tiba ya kawaida ni 12. Kwa mzazi tofauti hiyo ni kubwa mno, nami nisingemzuia mtu kuitafuta. Hata hivyo, shamba likishalipia kipimo, dawa ya mwezi wa pili na wa tatu italipiwa na nini? Ulizeni hilo kabla ya kutia sahihi.

Shangazi wa Nyalenda, Kisumu

Asanteni kutoka moyoni. Nimemsomea kaka yangu kwa simu, naye amekubali kusubiri. Kliniki ni Alhamisi, na swali la BCR-ABL nimeliandika nyuma ya kadi ya mtoto. Wanasema dawa mpya zitaanza siku hiyo hiyo.

Mtaalamu wa maabara, Eldoret

Basi fikeni mapema, dada. Ombeni uboho wa kipimo utolewe kabla ya dozi ya kwanza, hata ile ya vidonge vya steroidi, kwa sababu vidonge hivyo peke yake huua seli nyingi za lukemia kwa siku chache, na maabara ikabaki na kidogo sana cha kupima.