Arusha hadi Iringa: tupite Kondoa au tuendelee kuzunguka Chalinze?

Kijana wa Sakina: Wakuu, naombeni tujadili hili kwa utulivu. Juzi nimepakia mbegu za mboga kwenye fuso, Arusha kwenda Iringa. Nikamwambia dereva apite Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera. Akakataa katakata, akazunguka Moshi, Korogwe, Segera, Chalinze, Morogoro. Sasa nipigieni hesabu: Dodoma–Iringa ni km 260 za lami, Dodoma–Babati km 251, nayo ilizinduliwa 2018. Ongeza Arusha–Babati, jumla haifiki km 700. Kwa Chalinze unavuka km 900. Mafuta ya hizo km 200 na ushee nalipa mimi. Na hii ya Kondoa ndiyo Barabara Kuu ya Kaskazini yenyewe, ile ya Cape Town hadi Cairo, tangu enzi za Mwingereza. Kwa nini malori yanayoingia Namanga kwenda Tunduma yasielekezwe huko moja kwa moja?

Tingo Mstaafu: Dereva wako ana akili, mdogo wangu. Lori halifuati kilomita, linafuata mzigo. Ukipita Chalinze, ukishusha Iringa unapata mzigo wa kurudi nao Dar, na Dar hukosi mzigo wa kupandisha Arusha. Huko kwenye njia yako ya mkato utarudi na nini? Halafu spea. Nimeendesha miaka 22. Chalinze ukiharibikiwa saa nane usiku unampata fundi, unampata mama wa chai. Kondoa ukipata pancha usiku unalala na fisi, mji wenyewe saa mbili umeshafungwa.

Mtoto wa Haubi: Mzee, heshima yako, lakini hilo la fisi umetukosea. Kondoa si pori. Babu yangu alikuwa akitusimulia magari yanayotoka Iringa yakienda Nairobi yanalala kwetu, madereva wanakula ugali wa uwele. Kondoa Irangi Wajerumani na jeshi la Makaburu walipigana 1916, unadhani waligombea vichaka? Waligombea njia! Pale Kolo kuna michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006, na Kolo yenyewe iko kandokando ya barabara. Mji wetu haukulala. Barabara ndiyo ilitukimbia, ikahamia Morogoro, sisi tukabaki na vumbi miaka hamsini. Leo lami imerudi mnatuambia tuna fisi.

Bonde la Pangani: Haikuwakimbia, msijipe umuhimu. Ilijengwa barabara ya TANZAM, ya Dar hadi Zambia, na Wachina kwa ajili ya Zambia, basi. Korogwe na Mombo tumebeba mabasi yenu ya Arusha miaka yote, mbona hatuombi shukrani?

Kijana wa Ipogolo: Wachina walijenga reli, TAZARA, 1970 mpaka 1975. Lami ya barabara ilitoka kwa wafadhili wa Magharibi, wakiwamo Wamarekani. Usichanganye.

Bonde la Pangani: Reli na barabara zinakwenda Zambia zote mbili, tofauti iko wapi?

Kijana wa Ipogolo: Tofauti ni kwamba barabara ndiyo jibu la swali la Sakina. Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alipojitangazia uhuru wake Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Novemba 1965, Zambia ikabanwa: mafuta hayapiti kusini, shaba haitoki. Malori yakaanza kukimbizana Dar–Tunduma kwenye tope na vumbi, yakipinduka ovyo, hadi madereva wa Kizungu wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, Dar hadi Zambia, likaja 1968, lami ikafuata. Kabla ya hapo ukisema barabara kuu, kwa watu wa Iringa ni ile ya Dodoma. Baada ya hapo bandari ikaamua. Hakuna aliyeichukia Kondoa.

Mtoto wa Haubi: Chuki si lazima itangazwe. 1973 TANU ikaamua makao makuu yawe Dodoma. Kutoka makao makuu kwenda Arusha lami imekamilika lini? 2018! Miaka 45! Mimi mwenyewe nimesoma Arusha. Basi la kutoka Dodoma lilikuwa linashuka Morogoro, Chalinze, ndipo lipande kaskazini. Njia ya kwetu masika lori linakaa Mela siku mbili, mnalisukuma hadi viatu vinabaki kwenye tope. Hayo ndiyo yaliyonifundisha kwamba barabara ni siasa.

Kijana wa Sakina: Jamani, swali ni je, malori yaelekezwe Kondoa au la? Na mkumbuke Mnara wa Saa pale mjini kwetu unasemwa ndio katikati ya Cape Town na Cairo. Kama ilipimwa kwa barabara, basi ni kwa ile ya Dodoma, si kwa kuzungukia Chalinze.

Mwalimu wa Ramani: Katikati gani? Cairo ni nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu 34 kusini. Nusu yake inaangukia nyuzi 2 kusini, ng'ambo ya Namanga, ndani ya Kenya. Arusha imepita nyuzi 3.

Kijana wa Sakina: Wewe unapima kwa rula, watu wanahesabu kwa barabara. Watalii wanapiga picha pale kila siku, wote wajinga?

Mwalimu wa Ramani: Sijasema mtu ni mjinga. Nimesema ramani haikubali.

Tingo Mstaafu: Hata kama mnara uko katikati ya dunia, haunipi tairi. Turudi kwenye usukani. Mnaotetea Dodoma–Iringa, mmewahi kushuka mlima wa Nyang'oro na tani 28 mgongoni? Kona juu ya kona.

Kijana wa Ipogolo: Na mlima Kitonga je, kwenye njia yako ya Morogoro, mzee wangu? Mimi nakaa chini ya mji wa Iringa, malori yanapita hapa mlangoni. Yanayotoka Kitonga nayajua kwa harufu ya breki. Lori likikwama kwenye kona ya Kitonga, foleni inashika pande zote, abiria wanashuka na watoto mgongoni. Halafu bado Mikumi, km 50 ndani ya hifadhi, matuta, na ukimgonga mnyama unalipa. Nyang'oro ina kona, ndiyo, lakini haina msongamano huo.

Tingo Mstaafu: Haina msongamano kwa sababu hampiti! Yaelekezeni malori yote huko muone kama hamtaanza kulia.

Mama Perege: Habarini. Mimi ni wa Mtera, nauza samaki. Nawasikia mnagombania malori, naomba niseme la huku. Enzi za vumbi basi lilikuwa likifika hapa limechoka na abiria wamechoka. Wanashuka, wanajikung'uta, wananawa, wananunua. Sinia langu la perege wa kukaanga lilikuwa linaisha kabla dereva hajamaliza chai. Lami ilipokuja tukashangilia, wengine tukakopa, tukaezeka vibanda. Sasa basi linavuka tuta la bwawa, linatokea upande wa pili, hilo limekwenda. Wanaponunua, wananunua dirishani, unakimbia na mfuko wa samaki, chenji hujarudisha gari limeondoka. Mwenye gari ameshapatana na hoteli yake mbele. Kwa hiyo kaka wa Kondoa, usidhani malori yakirudi mji unarudi. Omba na maegesho. Pawe na mahali lori linaingia, kuna maji, kuna taa, kuna choo.

Mtoto wa Haubi: Mama, shikamoo. Hapo umenigusa. Kwetu nako Chemba na Kondoa watu wamepanga mafuta ya alizeti kwenye madumu kando ya lami, gari zinapita kwa kasi hiyohiyo.

Mama Perege: Marahaba mwanangu. Ndiyo hivyo.

Bonde la Pangani: Sasa mmeanza kusema. Sisi Mombo basi likisimama nusu saa, watu mia wanakula. Msitake kutunyang'anya hiyo nusu saa kwa amri ya serikali.

Mtoto wa Haubi: Nani anakunyang'anya? Mliipata kwa amri hiyohiyo!

Tingo Mstaafu: Mjengewe maegesho yenye taa Kondoa na Mtera, mimi wa kwanza kuwashauri vijana wangu wapite. Neno la fisi nalirudisha, nilikuwa na hasira ya pancha ya 2009.

Kijana wa Sakina: Mama Perege, huo mzigo wa kurudi anaoutaka mzee si ndio samaki? Ukiwapaki na barafu, Arusha wanafika wabichi?

Mama Perege: Wanafika, wakiondoka saa kumi alfajiri. Kreti ninazo, barafu naagiza Dodoma. Fuso lako linapita lini?