Tupeane uzoefu: wenyeji wa Birmingham walioyapinga maandamano ya mwaka 1963

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kila inapotajwa Birmingham ya jimbo la Alabama, wengi wetu hukumbuka mbwa wa polisi na maji ya zimamoto ya Eugene "Bull" Connor, kamishna wa usalama wa umma, kana kwamba upinzani wote dhidi ya maandamano yale ya Weusi ya kupinga utengano wa rangi ulikaa katika mtu mmoja. Wazee ninaozungumza nao katika mji huu ninaoishi, Weusi kwa Wazungu, hunieleza habari pana zaidi: waliokuwa wakisema "msiandamane" walikuwa wengi, baadhi yao watu wa heshima zao, wala hawakuwa wa rangi moja. Naomba waliosoma, waliofanya kazi au waliooa Kusini mwa Marekani watueleze waliyoyasikia kwa wenyeji wenyewe.

Mchangiaji wa Birmingham, mhudumu wa wazee majumbani:

Nilimhudumia bibi mmoja wa Kizungu ambaye marehemu mumewe alikuwa na duka la nguo katikati ya mji. Hoja yake ilikuwa moja siku zote, kwamba Wazungu waungwana walikwisha kumwondoa Connor kwa kura na Weusi wakakosa subira. Ni kweli kwamba tarehe 2 Aprili 1963 Albert Boutwell alimshinda Connor katika uchaguzi wa meya, na maandamano yakaanza kesho yake. Nilipomuuliza kama Boutwell hakuwa naye mtetezi wa utengano, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa angalau alikuwa na adabu. Kuhusu duka alikuwa mkweli zaidi. Mwaka 1962 wafanyabiashara kadhaa waliondoa mabango yaliyotenganisha rangi, lakini baadaye mabango yakarudi, na mumewe alikuwa miongoni mwao, kwa kuwa aliwaogopa wateja wake Wazungu na wakaguzi wa jiji kuliko alivyoogopa Weusi kugoma kununua.

Mchangiaji wa Atlanta, mchungaji:

Shikamooni wakubwa. Mimi nilisomea theolojia huku, na mwalimu wetu alitusomesha tamko la viongozi wanane wa dini, wakiwamo maaskofu na rabi Milton Grafman, lililotolewa Ijumaa Kuu, tarehe 12 Aprili, siku ileile aliyokamatwa Martin Luther King, kiongozi wa maandamano. Walisema maandamano hayakuwa ya busara wala ya wakati wake, kwamba kwa sehemu yaliongozwa na watu wa kutoka nje, tena wakawasifu polisi kwa utulivu wao. (Hoja hiyo ya "watu wa kutoka nje" sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa, tumeisikia kwa wakoloni na kwa warithi wao.) Kilichonishangaza ni kwamba walewale, mwezi Januari, walikuwa wametoa tamko la kuwataka Wazungu wenzao waheshimu amri za mahakama, na kwa mizani ya Alabama walihesabika kuwa watu wa mrengo wa maendeleo. Mmoja wao, Earl Stallings wa kanisa la First Baptist, aliwapokea waumini Weusi ibadani Jumapili ya Pasaka, na King akamsifu kwa jina katika barua aliyoiandika jela kuwajibu. Mzee mmoja Mzungu wa usharika ninaohudumu, aliyelelewa Birmingham, aliniambia kwamba nyumbani kwao Stallings alilaumiwa kwa kuufungua mlango ule kuliko wanane wote walivyowahi kulaumiwa kwa tamko lao.

Mchangiaji wa Nairobi, aliyeoa katika familia ya Birmingham:

Kwa wakwe zangu upinzani ulikuwa ndani ya nyumba. Babu wa mke wangu, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, alimkataza mwanawe kuandamana kwa kuwa jina likionekana gazetini, kazi imekwisha. Hakuwa peke yake: A. G. Gaston, tajiri Mweusi ambaye King alifikia katika hoteli yake, na Emory Jackson, mhariri wa gazeti la Weusi la Birmingham World, waliona wakati haujafika. Inasimuliwa kwamba Gaston alikuwa kwenye simu na wakili Mzungu David Vann akilalamika juu ya King, ndipo alipoona kupitia dirishani maji ya zimamoto yakimbiringisha mtoto wa kike barabarani, na mazungumzo yakakatika hapohapo. Baba mkwe alitoroka shuleni tarehe 2 Mei pamoja na mamia ya wanafunzi kwenda kuandamana. Halmashauri ya elimu ikaamuru wanafunzi 1,081 wafukuzwe au wasimamishwe, hadi Jaji Elbert Tuttle wa mahakama ya rufaa alipoitengua amri hiyo tarehe 22 Mei. Babu hakumwomba msamaha mwanawe, ila alimlipia nauli kwenda chuoni.

Mwanzisha mada:

Ahsante, shemeji yetu wa Birmingham. Naomba tu tusiiweke hofu ya babu katika kapu moja na tamko la maaskofu, sembuse na ubabe wa Connor. Nyumba ya mchungaji Fred Shuttlesworth, kiongozi wa harakati za Weusi Birmingham, ililipuliwa kwa bomu usiku wa Krismasi mwaka 1956. Hata baada ya wafanyabiashara kukubali makubaliano ya tarehe 10 Mei ya kuondoa utengano madukani, kesho yake usiku mabomu yalilipuka nyumbani kwa A. D. King, mdogo wake Martin, na katika hoteli ya Gaston. Mweusi aliyesema "ngojeni" alijua gharama ingelipwa na nani.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:

Marehemu mjomba wangu alisoma katika chuo cha Weusi huko Alabama miaka hiyo. Alisema majirani Wazungu walimkirimu sana, wakimweleza kwamba yeye Mwafrika ni mtu mwingine kabisa, mwenye nidhamu, tofauti na "Weusi wetu waliopotoshwa". Mmoja wao, aliyemletea keki mara kwa mara, alimpigia kura George Wallace, gavana aliyeapishwa Januari 1963 akiahidi utengano wa milele. Mjomba alikula keki hizo, na fedha zake kidogo akazipeleka kwenye mfuko wa dhamana za waliokamatwa. Kama yupo mwenye mzee aliyesoma kule wakati huo, naomba atueleze kama naye alibembelezwa hivyo.