Balozi anapousema hadharani udikteta wa nchi aliyopangiwa

Mwanafunzi wa Sheria (Arusha):
Wakubwa zangu, shikamooni. Jana kijiweni karibu na Soko Kuu tulibishana kuhusu Smith Hempstone, balozi wa Marekani nchini Kenya kuanzia 1989 hadi 1993. Mei 1990, akihutubia klabu ya Rotary jijini Nairobi, alisema kwamba Bunge la nchi yake lilikuwa likielekea kuzipa misaada nchi zinazolea demokrasia na kulinda haki za binadamu, ilhali Kenya ilikuwa chini ya chama kimoja tu, KANU. Mimi nilishikilia kwamba alivunja ibara ya 41 ya Mkataba wa Vienna wa 1961, inayowakataza wanadiplomasia kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Wenzangu walinicheka. Je, nilikosea?

Mzee wa Rau (Moshi):
Marahaba, mwanangu. Ibara umeitaja sawasawa, ila mkataba umeusoma nusu. Ibara ya 9 inairuhusu nchi mwenyeji, wakati wowote na bila kueleza sababu, kumtangaza balozi kuwa mtu asiyetakiwa. Serikali ya Rais Moi wa Kenya ilimchukia Hempstone waziwazi, lakini haikumfukuza. Naamini ilipiga hesabu ikaona kwamba kumwondoa mjumbe wa mfadhili mkubwa kungeigharimu kuliko kuyavumilia maneno yake.

Wa Sanawari:
Mzee, kwa heshima zote, mimi sikubaliani na kumpamba balozi huyo. Waliodai vyama vingi walikuwa Wakenya wenyewe: wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza Mei hiyohiyo, na Julai wakawekwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba, yale maandamano ya Kenya ya tarehe 7 Julai ya kudai vyama vingi. Hotuba ile iliwapa watawala kisingizio cha kusema kwamba madai hayo yametoka ng'ambo. Tena KANU ilifanywa chama pekee kisheria mwaka 1982, wakati Marekani inatumia bandari ya Mombasa kwa meli zake za kivita, na hatukusikia ukali kama huo. Moi alikuwa yuleyule. Kilichoanguka ni Ukuta wa Berlin, na Vita Baridi vikaisha.

Mzee wa Rau (Moshi):
Hapo sikupingi, na sisi wenyewe tulikuwa na chama kimoja hadi 1992, kwa hiyo tuseme kwa adabu. Hata hivyo, maneno ya Hempstone yalikuwa na fedha nyuma yake: Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A cha Katiba ya Kenya, kilichoifanya KANU chama pekee, kikafutwa. Mlinganishe na Craig Murray, balozi wa Uingereza, ambaye Oktoba 2002 alisema mjini Tashkent kwamba Uzbekistan si demokrasia inayofanya kazi, akataja na mateso ya wafungwa. Wakati huo Marekani, mshirika wa Uingereza, ilikuwa na kambi ya kijeshi huko kwa ajili ya vita vya Afghanistan. Mwaka 2004 Murray aliondolewa, na aliyemwondoa hakuwa Rais Karimov wa Uzbekistan bali serikali yake mwenyewe ya London.

Mwanafunzi wa Sheria (Arusha):
Nashukuru sana. Kesho narudi kijiweni na ibara ya 9 mkononi; kisa cha Murray sijui nitakitafutia ibara gani.