Kanada: Kunyimwa ukaazi kwa "sababu za usalama"

Swali: Ndugu yangu aliyeko Toronto amenyimwa ukaazi wa kudumu kwa barua inayotaja usalama bila kufafanua. Je, mahakama yaweza kumpa ukaazi huo?

Jibu 1: Kwa kawaida haimpi. Mahakama ya Shirikisho hupima iwapo uamuzi una mantiki, kwa kigezo cha Mahakama ya Juu ya Kanada katika kesi ya Vavilov ya mwaka 2019, na ukionekana na dosari huurudisha kwa ofisa mwingine. Aharakishe: ana siku 15 tangu aarifiwe kuomba ruhusa ya mapitio, yaani mahakama iupitie uamuzi huo, zile 60 ni za maamuzi ya nje ya nchi.

Jibu 2: Ushahidi wa siri jaji huusoma faraghani, naye aweza kumteua wakili maalumu, mwenye kibali cha kuuona ushahidi huo ili kulinda maslahi ya mwombaji, utaratibu uliotokana na kesi ya Charkaoui ya mwaka 2007 katika Mahakama ya Juu.

Muulizaji: Ahsanteni. Barua ilifika Jumatatu, bahasha tumeihifadhi.